Abiria Mmoja Aliyezidi

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuhesabu watu, naye aliifanya kwa miaka ishirini na sita bila kukosea. Aliitwa Magafu. Alikuwa mkaguzi mkuu wa abiria katika bandari moja ya ziwani, ambapo meli huondoka kila siku saa mbili asubuhi kwenda kisiwani na kurudi jioni ile ile.

Bandari ile haikujua kupumzika. Tangu kunapambazuka wachukuzi walikimbizana na mikokoteni, wakipiga miluzi ili watu wapishe. Mama ntilie walikuwa wamekwisha kupanga chupa za chai na vitumbua kando ya ukuta. Kipaza sauti kilitangaza jambo moja mara kumi, na mara ya kumi bado alikuwapo mtu wa kuuliza kimesema nini. Palikuwa na mizani ya mizigo, chumba cha kusubiri chenye mabenchi ya mbao, bomba la maji ya kunywa, na dirisha dogo la tiketi lenye foleni iliyozunguka nusu ya jengo. Mwenye haraka na asiye na haraka walisimama foleni hiyo hiyo. Magafu ndiye aliyeinyoosha. Akitokea tu pembeni, kofia kichwani na mikono mgongoni, foleni ilijipanga yenyewe.

Palikuwa pia na desturi, na desturi hiyo ilizaliwa na msiba. Zamani, kabla Magafu hajaajiriwa, chombo kilizama katikati ya ziwa, na watu walipokwenda kuokoa hawakujua watafute wangapi. Waliopatikana walizikwa. Wengine, mpaka leo hakuna awezaye kusema kama walikuwamo au hawakuwamo. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba kila asafiriye alitaje jina lake mwenyewe pale dirishani, liandikwe, ndipo apewe tiketi. Honi ya pili ikilia, dirisha hufungwa. Orodha ya majina hutiwa katika mfuko wa turubai, ukapigwa lakiri, na haufunguliwi mpaka ng'ambo, mtu asije akachomeka jina njiani. Nahodha hupewa kikaratasi chenye idadi peke yake. Baharia huhesabu vichwa, na vichwa vikilingana na idadi, honi ya tatu hulia na kamba hufunguliwa. Huko ng'ambo karani huvunja lakiri na kuyasoma majina moja moja. Aliyetajwa huitikia "Nipo," akashuka. Asiyetajwa hakanyagi nchi kavu. Hurudi na meli iliyomleta.

Watu wa bandari waliifupisha desturi yao kwa kusema kwamba asiyeandikwa hana wa kumtafuta. Walikuwa wakiwaambia hivyo wageni waliolalamikia foleni.

Magafu aliipenda desturi hii kuliko mtu yeyote. Ni yeye aliyewaandikia makarani wa ng'ambo barua, kwamba asiyetajwa asishuke, hata awe nani. Katika miaka yake alikwisha kuwateremsha wengi ngazini: wachuuzi, askari, hata bwana harusi mmoja aliyekuwa na suti yake mpya na keki mkononi. Hakuwa mkatili. Wala hakuna aliyeweza kusema kwamba aliwahi kupokea cha mtu. Watu walimwogopa na kumheshimu, na yeye hakuona tofauti kubwa kati ya hayo mawili.

Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka. Baba yake aliishi kule kisiwani, pamoja na Makene, mdogo wake Magafu, na kila mwezi Magafu alimkuta abiria mwaminifu akampa mzigo wa kupeleka. Sukari ilivuka. Blanketi lilivuka, na redio, na shati la sikukuu. Salamu zilivuka karibu kila siku, maana hazina uzito mizanini. Wenzake walipomuuliza ataenda lini, alijibu kwamba siku atakayoondoka yeye, nani atahesabu?

Basi ikaja siku ambayo abiria mmoja aliyetoka kisiwani alimletea ujumbe wa Makene. Baba hawezi kuinuka tena. Ana neno la kuwaambia wanawe wawili kwa pamoja, na si neno la kutumwa. Safari hii usilete kitu, kaka. Jilete.

Magafu alishikwa na hofu, na hakuificha. Alimkabidhi msaidizi wake funguo na filimbi papo hapo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kesho yake asubuhi alinyoa ndevu, akaiacha sare msumarini, akavaa koti la kijivu alilolishonesha kwa ajili ya harusi ya binti yake. Akaja bandarini.

Sasa, bandari ile ilikuwa na mlango mdogo wa wafanyakazi. Wapitao hapo hupanda melini kwa kazi na kushuka kabla ya honi ya tatu, kwa hiyo hawaandikwi. Mfanyakazi akitaka kusafiri, husafiri bure, ila hana budi kwenda dirishani kama wengine na kulitaja jina lake. Magafu aliijua kanuni hiyo, kwa kuwa aliitunga yeye. Lakini miguu yake ilikuwa imeuzoea mlango mdogo kwa miaka ishirini na sita, na haikumjia akilini kwamba siku hiyo alikuwa abiria. Foleni aliiona. Aliona kwamba imepinda karibu na bomba la maji, akaashiria kwa mkono, ikanyooka, naye akapita.

Akaketi kwenye benchi la mbele, mahali atakapokuwa wa kwanza kukiona kisiwa. Honi ya pili ikalia. Baharia akapita sitahani akigusa hewa kwa kidole, kichwa baada ya kichwa, akaenda kwa nahodha. Kikaratasi cha nahodha kilisema mia na themanini. Vichwa vilikuwa mia na themanini na kimoja.

Honi ya tatu haikulia. Watu wakaanza kunung'unika, kwanza taratibu, kisha waziwazi. Mmoja alikuwa na samaki wa kuwahi kabla jua halijawa kali, mwingine alikuwa na kesi barazani. Walisema kwamba siku hizi watu hawana haya, kwamba mtu mmoja tu anawachelewesha watu wazima wote hawa. Magafu alinung'unika kuliko wote. Kila dakika iliyopita pale gatini aliihesabu kama pumzi ya baba yake, na moyoni alimchukia huyo mtu aliyejificha humo ndani, asiyejali wenzake wana nini kinachowangoja. Mwisho akashindwa kuvumilia. Akaenda kwa nahodha akamwambia amwachie yeye kazi hiyo.

"Ukiwapo wewe, mzee wangu, tumekwisha kumaliza," nahodha akasema, na akafurahi kweli.

Magafu akaanzia nyuma ya meli. Aliomba tiketi kwa kila mtu, akaitazama tiketi, kisha akamtazama mwenyewe usoni kwa muda ule ule. Alimwamsha mzee mmoja aliyesinzia. Alimwuliza mama mwenye mapacha kama wote wawili ni wake. Watu walimpa tiketi zao kwa adabu, na wengine walimshukuru. Hakuna aliyemwomba yake. Nani angemwomba? Alikwenda benchi kwa benchi mpaka akafika mbele, na pale ubavuni pa meli alimkuta mwanamke aitwaye Nyanjige, mtu wa bara ya mbali, aliyeketi juu ya mizigo yake.

Mizigo yenyewe ilikuwa mafungu mawili ya marando ya viazi vitamu, yamefungwa katika gunia bichi yasinyauke, anampelekea mwanawe aliyepata shamba kule kisiwani. Tiketi alikuwa ameifunga katika pindo la kanga, na pindo lilikuwa limelalia gunia. Alipoifungua, ilitoka karatasi laini iliyolowa, wino wake umetapakaa wote.

"Mama, hii ni nini?" Magafu akauliza.

"Ndiyo tiketi yangu, baba. Imelowana na marando. Jina langu limo, nililitaja mwenyewe. Tumeni mtu dirishani akaulize."

Dirisha lilikuwa hatua sitini kutoka pale. Magafu aliweza kukiona kiwiko cha karani nyuma ya kioo, na kikombe cha chai kando yake. Siku nyingine, pengine, angetuma mtu. Lakini mtu wa kutumwa angekwenda, angebisha, angesubiri mfuko ushushwe, lakiri ivunjwe, orodha isomwe tangu juu, kisha ifungwe upya. Na baba yake alikuwa amelala kitandani anatazama mlango. Tena alikuwa amekwisha kuwapitia wote, na huyu ndiye wa mwisho. Kama si huyu, basi nani?

"Dirisha limefungwa," akasema.

Nyanjige akawatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kutazama upande mwingine. Kijana wa watu mwenye samaki akamsaidia kuyateremsha mafungu yake, mbiombio, kisha akarudi mahali pake. Yule mama hakupiga kelele wala hakulaani. Alisimama gatini akiishika ile karatasi yake kwa vidole viwili. Baharia akahesabu tena, Magafu akiwa amekwisha kurudi kwenye benchi lake: mia na themanini kamili. Honi ya tatu ikalia. Watu wakashusha pumzi, na mtu mmoja akampa Magafu karanga za kukaanga katika kipande cha gazeti, akisema kwamba kazi yake wameiona.

Safari ilikuwa ya saa nne, na ziwa lilikuwa tulivu. Magafu alitafuna karanga zake na kupanga maneno ya kumwambia baba. Alipanga kuomba msamaha kwa miaka yote ile. Alipanga kumwambia kwamba vitu vyote vile alivyotuma vilikuwa ndiyo namna yake ya kuja. Alipomwona Makene amesimama kwenye gati la kisiwani, mwembamba kuliko alivyomkumbuka, alisimama akapunga mkono, na machozi yakamlengalenga.

Karani wa ng'ambo alivunja lakiri, akafungua orodha, akaanza kusoma. Mtu aliitwa, akaitikia, akashuka. Mwenye samaki alishuka. Mzee aliyesinzia alishuka. Mama wa mapacha alishuka, huku wanawe wakitajwa kila mmoja kwa jina lake. Katikati ya orodha karani akasoma, "Nyanjige binti Mafuru." Hakushuka mtu. Akasoma tena. Mara ya tatu akainua macho, akauliza kama huyu mtu amelala. Wale waliokuwa bado melini wakatazama miguu yao.

Magafu alijua hesabu kuliko mtu yeyote pale, na hesabu hiyo haikuwa ngumu. Jina la yule mama lilikuwamo. Basi kilichozidi kilikuwa kichwa kingine, na kichwa hicho kilipanda kwa mlango gani? Alisimama huku majina yakiendelea kusomwa, sitaha ikapungua watu, ikapungua, mpaka karani akafika mwisho wa ukurasa, akapiga mstari. Melini alibaki mtu mmoja mwenye koti la kijivu.

"Jina lako halimo, mzee," karani akasema kwa sauti ya chini.

"Karani, mimi unanijua."

"Nakujua tangu nilipoanza kazi. Barua yako nimeibandika ukutani. Asiyetajwa asishuke, hata awe nani."

Aliyasema hayo kwa masikitiko, na Magafu alijua kwamba ni kweli anasikitika, kwa sababu na yeye alikuwa akiwasikitikia wale aliowarudisha. Hakubishana. Alikwenda ukingoni, na Makene akaja mpaka mwisho wa gati. Kati yao palikuwa na maji yasiyofika hatua mbili.

"Baba yu macho," Makene akasema. "Anauliza kama umefika."

"Mwambie nimefika."

Makene aliitazama meli, kisha akaitazama ardhi aliyosimama juu yake. Alikuwa mtu wa taratibu, asiyependa kusema uongo mbele ya mgonjwa.

"Nimwambie umefika wapi, kaka?"

Kisha akaondoka kwenda kukaa na mgonjwa. Baada ya saa moja abiria wa kurudi walipanda na kuhesabiwa, na Magafu akasafirishwa nao kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Waliporudi ilikuwa saa kumi na moja jioni. Wachukuzi walikuwa wanakunja kamba zao, mama ntilie wanaosha masufuria. Katika chumba cha kusubiri, kwenye benchi la mwisho, Nyanjige alikuwa ameketi na marando yake, kwa kuwa kwao kulikuwa mbali na hakuwa na mwenyeji mjini. Alikuwa akiyanyunyizia maji kwa kikombe cha bombani. Tiketi aliianika pembeni, akaikandamiza kwa jiwe, na jua la siku nzima lilikuwa limeikausha. Wino ulikuwa umefifia, lakini jina lilisomeka.

Magafu alikuja akasimama mbele yake. Yule mama alimtazama, akamsogezea nafasi kwenye benchi, kwa maana mtu aliyetoka safari anastahili kukaa. Kisha akamwuliza kwa upole, kama mtu aulizaye habari za safari:

"Baba, yule aliyezidi alipatikana?"

Magafu alikaa. Alivua kofia yake, akaiweka magotini.

"Alipatikana, mama."

"Afadhali," Nyanjige akasema. "Maana chombo kingepata la kupata, asingekuwa na wa kumtafuta." Akaendelea kunyunyizia marando yake maji.

Asubuhi iliyofuata watu wa bandari waliona jambo la kuhadithia. Foleni ilikuwa imezunguka jengo kama kawaida, na mkaguzi mkuu alikuwa ndani yake, nyuma ya mama mwenye marando, anasogea hatua moja wengine wanaposogea hatua moja. Alipofika dirishani karani akacheka, akidhani anapimwa. Magafu akamngoja amalize kucheka, kisha akalitaja jina lake lote, la kwake na la baba yake, pole pole, mpaka likaandikwa.

Ng'ambo, majina yale mawili yalisomwa yakifuatana. Nyanjige aliitikia akashuka. Magafu aliitikia akashuka. Makene alikuwapo gatini, lakini hakuinua mkono. "Baba alingoja mpaka alfajiri," akasema. Makene alimsihi amwachie neno lake, atamfikishia kaka yake. Mzee alitikisa kichwa, akasema kwamba vya kutumwa, kaka yako amekwisha kuvizoea. Akafumba macho nalo. Neno lile lilikuwa nini, hakuna ajuaye.

Marando ya Nyanjige, theluthi yake ilikufa kwa siku ile moja ya kuchelewa. Yaliyobaki yalishika.

Nami nimewatazama ninyi nilipokuwa nikisimulia. Nimeona wengine wakitikisa vichwa, wengine wakimgusa jirani kwa kiwiko, na mmoja kule nyuma amegeuka kabisa kumtazama mtu anayemjua. Basi nauliza: mlipokuwa mkimtafuta Magafu humu ndani, mlianzia kuhesabu kwa nani?